Ukili Mrefu wa Edward P. Jones

Jioni aliyokufa bwana wake, Moses alibaki shambani peke yake. Wenzake alikwisha kuwaruhusu warudi vibandani na njaa yao na uchovu wao. Yeye akaendelea kulima na nyumbu mpaka jua likabakiza uzi mwembamba tu wa mwanga. Ndipo akainama, akachota udongo kidogo, akautia mdomoni. Ni Julai 1855, kaunti ya Manchester, jimbo la Virginia, na udongo wa Julai una ladha yake, si ile ya Mei wala ya Juni. Wapo wanawake wa pale wanaokula udongo kwa hamu ya mimba, kama dada zetu wanavyonunua pemba sokoni. Moses anakula ili ajue shamba limechoka wapi na lina nguvu wapi. Anakula pia kwa sababu katika dunia yake ndogo hakuna kitu kingine kilichokaribia kuwa na thamani ya uhai wake.

Hivyo ndivyo Edward P. Jones anavyoifungua The Known World, yaani ulimwengu unaojulikana, riwaya iliyotoka mwaka 2003. Ukurasa huo nimeurudia mara nyingi kuliko ukurasa wa riwaya nyingine yoyote, na kila mara hunishika pale pale: nyapara anaonja shamba lisilo lake, na analijua kwa ulimi kuliko mwenyewe anavyolijua kwa hati.

Kisha unaambiwa bwana aliyekufa ni nani. Ni Henry Townsend, mwenye umri wa miaka 31, aliyeacha watumwa 33 na shamba la zaidi ya ekari 50. Henry alizaliwa mtumwa. Ni mweusi, mweusi kuliko Moses. Moses aliponunuliwa naye, mtu wa kwanza kabisa kununuliwa na Henry, ilimchukua zaidi ya wiki mbili kuamini kwamba hafanyiwi mzaha.

Shangazi yangu hasomi Kiingereza. Nilipokaa kwake Pangani wiki mbili, nilimsimulia kitabu hiki barazani kila baada ya magharibi, yeye akisuka ukili. Nilipofika kwa Henry aliniuliza, "Mweusi kwa mweusi?" Nikamwambia naam. Akasuka kimya kwa kitambo, kisha akasema, "Basi hiyo naijua." Hakuongeza neno, nami sikumchimba. Pangani ni bandari ya zamani, na wazee wa pale wanajua nani babu yake aliitwa nani, na aliitwa hivyo na nani.

Nimemtaja shangazi kwa sababu ni kwa kumsimulia yeye ndipo nilipouona ufundi wa Jones. Nikisoma peke yangu nilikuwa nabebwa tu. Niliposhika kazi ya kuipitisha hadithi ile kwenye Kiswahili, kwa mdomo, mbele ya mtu asiyeniachia nafasi ya kubabaisha, niligundua kwamba haikubali kusimuliwa nilivyozoea kusimulia.

Hadithi zetu hutembea kwa -ka-. Akaamka, akanawa, akashika jembe, akaenda shamba, akakuta nyoka. Kila tendo humshika mkono lililotangulia, na msikilizaji anajua tulipo. Jones haendi hivyo. Anakuonyesha baba anayeitwa Elias akimchongea binti yake mdogo, Tessie, mwanasesere wa mti. Hujatulia, sentensi imekwisha ruka miongo mingi: Tessie ni bibi kizee kitandani mwa mauti, na maneno aliyoyasema utotoni kuhusu mwanasesere yule ndiyo anayoyarudia. Sentensi inayofuata imerudi kibandani, mtoto bado ni mtoto, maranda ya mti bado yako sakafuni. Nikasema kama kitabu kinavyosema: "Atakuja kumkumbuka siku ya kufa kwake." Shangazi akanikatiza.

"Subiri. Mtoto huyu si ndiyo kwanza kapewa mwanasesere?"

"Ndiyo kwanza."

"Nawe umeshamzika?"

Nilicheka, lakini swali lake lilinikaa. Mwandishi mwingine angeficha mwisho wa mtu ili msomaji afungue ukurasa kwa hamu. Jones anautoa bure, mapema, mara nyingine kwa mtu aliyepita mara moja tu kwenye hadithi na hatarudi tena. Mnunuzi, mpita njia, mtoto mchanga: kila mmoja anapewa kesho yake. Kuna Stamford, mtu mzima anayewakimbilia wasichana kwa sababu mtu fulani zamani alimwambia kwamba mwanamke kijana ndiye atakayemvusha utumwani akiwa hai. Ni mtu wa kudharauliwa, na wenzake wanamdharau. Kwa karibu nusu ya kitabu nami nilimdharau. Kisha siku moja ya mvua na radi linampata jambo, anageuka, na katikati ya mgeuko huo Jones anatuambia kwamba Stamford na mkewe Delphie watakuja kuwa na nyumba ya kulelea yatima mjini Richmond, na kwamba mwaka 1987 mji utaipa barabara ndefu majina yao. Mwaka 1987! Tumetoka kwenye tope la mwaka 1855 tukaruka miaka 132 ndani ya pumzi moja, na tumerudi mvua haijakatika.

Nilidhani kwanza ni maringo ya msanii. Niliposoma safari ya pili, na penseli, nikiandika kila mwaka unaotajwa kwenye ukurasa mtupu wa nyuma, nilianza kuona sababu. Utumwa wa Marekani uliwanyima watu vitu vingi, na kimoja wapo ni kujua mwisho wa mtu wao. Mama aliyeuziwa mtoto wake kusini hakujua kama alikua, kama alioa, alizikwa wapi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, watu weusi walitangaza magazetini, mwaka hadi mwaka, wakiwatafuta ndugu waliotenganishwa nao mnadani: fulani, alikuwa wa bwana fulani, mara ya mwisho alionekana kwenye gari la mnunuzi fulani. Matangazo hayo yaliendelea miongo kadhaa, mengine mpaka karne ya ishirini. Sasa anakuja msimulizi ambaye kwa kila mtu anayemgusa anajua alikofia. Ile -ta- ya Jones ni jibu la matangazo yale. Anampa kila mtu kile ambacho soko lilimnyang'anya.

Shangazi hakuhitaji nadharia hiyo. Aliniambia jambo kwa mikono. Ukili husukwa mwembamba na mrefu, pima kwa pima, ukakunjwa ukawekwa. Ukishatosha, huzungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka, na hapo kipande kilichosukwa mwanzoni kabisa kinakuja kulala kando ya kipande cha wiki ya pili. "Huyo bwana," alisema, "keshaushona. Wewe bado unausuka." Tangu hapo niliacha kumwomba radhi kila niliporuka miaka.

Na kweli Jones alikuwa keshaushona kabla ya kuandika. Alizaliwa Washington mwaka 1950, mama yake hakujua kusoma wala kuandika, na familia ilihama nyumba mara 18 katika miaka 18. Kitabu chake cha kwanza, Lost in the City, hadithi fupi za watu weusi wa mji huo, kilitoka mwaka 1992. Baada yake ilipita miaka kumi hivi ambamo alikuwa ameajiriwa kwenye jarida la mambo ya kodi, kazi ya kusoma na kufupisha, huku riwaya ikikua kichwani. Kwenye karatasi alikuwa na kurasa kama kumi na mbili tu. Alinunua vitabu vingi vya historia ya utumwa akikusudia kuvisoma kwanza, hakuvisoma. Mapema mwaka 2002 alipoteza kazi, akakaa chini, na rasimu nzima ikamtoka kwa miezi michache. Mwaka 2004 ilipewa tuzo ya Pulitzer. Washairi wetu wa pwani, waliobeba beti mamia kifuani na kumwachia mwandishi kazi ya wino, wangemwelewa bila maelezo.

Ile kazi ya kodi naamini ilimsaidia kuliko vitabu vile vya historia. Sauti ya riwaya hii ni sauti ya karani. Haipandi. Haililii msomaji. Mtu anauzwa, anakatwa sikio, anapigwa risasi, na sentensi inakwenda kwa mwendo ule ule wa mtu anayejaza daftari, tarehe, idadi, bei. Mwaka 1855, anatuambia, Manchester ilikuwa na familia 34 za weusi huru zenye baba, mama na watoto. Nane kati yake zilimiliki watumwa. Ukisoma hivyo unaamini. Unataka kwenda kuangalia kumbukumbu. Lakini kaunti hiyo ameibuni yeye, pamoja na kumbukumbu zake zote. Ameibuni hata sababu ya kutozipata: moto wa mwaka 1912 uliteketeza jengo, wakafa watu kumi, mmoja wao mlinzi mweusi wa jengo lenyewe, na mbwa watano, na farasi wawili. Ni wale mbwa na farasi wanaonimaliza. Karani wa kawaida asingewahesabu.

Na kuna sensa ya mwaka 1860. Ofisa aliyeifanya katika kaunti ile, tunaambiwa, aligombana na mkewe siku ya kupeleka hesabu Washington, na jumla zake zote zikatoka kombo kwa sababu alisahau kubeba ile moja. Mstari mmoja tu, unapita. Lakini fikiria moja iliyosahauliwa katika orodha ya watu ni nini. Ni mtu. Jones ametumia mtindo wa daftari la serikali, daftari lile lile lililowaandika watu pamoja na nyumbu na viti, kuonyesha kwamba daftari lilikosea kuanzia kwenye kujumlisha.

Mambo mengine hakuyabuni. Mwanahistoria Carter G. Woodson alichapisha mwaka 1924 utafiti uliotokana na sensa ya mwaka 1830, akiorodhesha weusi huru walioandikwa kuwa na watumwa. Wengi wao, alieleza, walikuwa wamewanunua ndugu zao wenyewe. Sheria ya Virginia ya mwaka 1806 ilimtaka mtumwa aliyeachwa huru aondoke jimboni ndani ya miezi 12, isipokuwa apewe ruhusa. Hivyo mume aliyemnunua mkewe akamwandikia hati ya uhuru alikuwa anajitafutia kumpoteza. Njia ya kukaa naye nyumba moja ilikuwa kumwacha, mbele ya sheria, awe mali yake.

Hapo ndipo anapoingia baba yake Henry, Augustus Townsend, ambaye kwangu ndiye moyo wa kitabu. Augustus ni fundi seremala na mchongaji. Fimbo zake za kutembelea zinasakwa na matajiri. Kwa mikono hiyo alijinunua mwenyewe akiwa na miaka 22, baadaye akamnunua mkewe Mildred, na mwisho, baada ya miaka mingi ya malipo ya kidogo kidogo, mwanawe. Kila Jumapili wazazi wawili walisimama kando ya barabara wakimsubiri Henry atoke kwa bwana wake, William Robbins, tajiri kuliko wote kaunti nzima. Kijana akaanza kuchelewa. Siku nyingine hakutokea. Alikuwa mshika farasi wa Robbins, na miaka ambayo baba alikuwa anakusanya senti kumkomboa, mwana alikuwa anajifunza kumpenda mwenye kumiliki. Jones hasemi hivyo popote. Anaweka tu barabara, baridi, wazazi wawili na kijana asiyekuja.

Kwa hiyo siku Henry anaporudi nyumbani kueleza kwamba amenunua mtu, fimbo iliyo mkononi mwa Augustus inajua kazi yake. Anampiga nayo begani mwanawe aliyemlipia kwa jasho, apate kuonja utumwa unavyouma. Henry anainyakua, anaivunja vipande viwili gotini, na kusema kwamba hivyo ndivyo bwana anavyojisikia. Baba na mwana hawatakaa sawa tena. Fimbo ni kazi ya mikono ya Augustus, kama uhuru wa Henry ulivyokuwa kazi ya mikono hiyo hiyo, na vyote viwili vimevunjwa na mtu mmoja. Angalia pia kwamba zana ni ile ile iliyokwisha kuokoa: siku Henry alipochukuliwa kutoka kwa Robbins, mwanamke aitwaye Rita, aliyemlea kama mama wa pili, aliling'ang'ania gari wakaondoka naye. Augustus akampigilia misumari ndani ya sanduku la fimbo na kumsafirisha mpaka New York kama shehena. Huko sanduku likafunguliwa na mama wa Kiayalandi, mhamiaji, na Jones, ambaye angeweza kumtumia mama huyo kufungulia kifuniko tu, anasimama kutueleza kwamba bahari ilimchukulia mume na mtoto kabla hajaiona nchi ya ahadi, na kwamba hatakaa aipende. Aya moja, kisha anamwacha. Shangazi alitaka kujua zaidi habari za mama huyo kuliko za Henry.

Usiku ninaoukumbuka zaidi ni ule wa karatasi. Augustus, mzee sasa, anarudi nyumbani na gari lake baada ya kupeleka kazi. Wanamsimamisha watu wa doria, walinzi wanaolipwa kukamata watumwa watoro. Wanamjua. Wamemsimamisha mara nyingi. Mkuu wao siku hiyo, Harvey Travis, anaomba hati zake za uhuru, anapewa, na anazila. Anazitafuna karatasi zote, anameza, na kwa kuwa wakati huo huo anapita mfanyabiashara wa watu, Augustus anauzwa palepale barabarani.

Mikono ya shangazi ilisimama. Ndio usiku wa kwanza iliposimama.

"Kaila karatasi?"

"Kaila."

"Karatasi inaliwa?"

Nikamwambia katika kitabu inaliwa, bila haraka. Akaniuliza kama kulikuwa na nakala. Nikamjibu kwamba ipo, ofisini kwa sherifu, mtu mwema anayemfahamu Augustus, na kwamba haikusaidia kitu. Akaukunja ukili wake, akaingia ndani. Kesho yake alianza yeye: "Tuendelee na mzee."

Nilipolala usiku ule nikaunganisha nilichokuwa sijakiunganisha kwa kusoma mara mbili. Kitabu kinaanza na mtu anayekula udongo ili aujue, na kimevunjika katikati kwa mtu anayekula maandishi ili yasijulikane. Jones hakuweka alama yoyote ya kutuonyesha. Kurasa zaidi ya mia zimepita kati ya mdomo mmoja na mwingine. Huo ndio ushonaji ninaouzungumzia.

Na katika doria ile yumo Oden Peoples, Mcherokee. Serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa kusini-mashariki mwaka 1830, na kati ya mwaka 1838 na 1839 Wacherokee waliswagwa kwa nguvu mpaka ng'ambo ya mto Mississippi, maelfu wakifia njiani. Wenye watumwa miongoni mwao walikwenda na watumwa wao. Jones hatoi somo juu ya habari hiyo. Anamweka Oden juu ya farasi, mtu ambaye taifa lake limenyang'anywa ardhi, sasa analipwa na wanyang'anyi kukata visigino na masikio ya watoro, na ndiye bingwa wa kazi hiyo. Dola inayojua kujenga haiwatawali watu kwa bunduki peke yake. Kila mmoja hupewa wa kumkanyaga. Mzungu fukara ana mweusi, Mcherokee ana mtoro, mweusi huru ana Moses, na Moses, akishapewa unyapara, ana Celeste, mama mjamzito mwenye mguu mbovu, wa kumsukuma kazini mpaka mimba iharibike. Nimesoma vitabu vingi vya hasira juu ya ubeberu. Hakuna kilichonionyesha ngazi zake moja moja kama hiki ambacho hakijapandisha sauti.

Yule sherifu mwema, John Skiffington, ndiye mwenye ramani iliyokipa kitabu jina. Alipooa alipewa zawadi ya mtoto wa kike wa miaka tisa, amefungwa utepe. Yeye na mkewe hawapendi utumwa, hawataki kummiliki mtu. Lakini wakimwuza watamwuza kwa nani, na wakimwacha aende wapi? Wakakaa naye, wakamwita mwana, na hawakumpa hati. Ofisini kwake, jela ikiwa hapo hapo, ametundika ramani kubwa ya kale ya dunia. Amerika ya Kaskazini imechorwa ndogo kuliko ilivyo, Florida haipo, na jina Amerika limeandikwa kusini tu. Mfungwa mmoja Mfaransa anamwambia ramani ile ina makosa, akitoka atamletea iliyo bora. Sherifu anasema hii inamtosha.

Ramani yenyewe ipo kweli, ingawa Jones amembadili mchoraji jina la kwanza. Ni ya Martin Waldseemüller, ya mwaka 1507, ya kwanza kuandikwa neno Amerika. Imebaki nakala moja tu duniani, na Maktaba ya Bunge la Marekani ilikamilisha kuinunua kwa dola milioni 10 mwaka 2003, mwaka ule ule riwaya ilipotoka. Mtu wa pwani yetu hawezi kuupita mwaka 1507 hivi hivi. Ni miaka tisa baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi, na miwili baada ya Mreno mwenzake Almeida kuipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Wakati ule ule, kwa wino wa aina ile ile, walikuwa wanaandika majina juu ya watu waliokuwa tayari na majina.

Nisiseme kwamba kitabu hakina mahali kinapochosha. Kurasa hamsini za mwanzo zina majina mengi kiasi kwamba nilimwandikia rafiki orodha ya watu kabla ya kumwazima. Na safari ya Counsel, binamu wa sherifu, anayepoteza familia na shamba kwa ndui kisha akatangatanga mpaka Texas, ndiyo sehemu pekee ninayoona mkono umelegea. Ukili pale una nafasi.

Lakini basi anakuja Alice. Tangu kurasa za mwanzo yupo pembeni, mwanamke anayesemekana alipigwa teke la kichwa na nyumbu, anayezurura usiku akiimba upuuzi. Watu wa doria wamemzoea, hawamkamati tena. Moses anadhani ana wazimu, mpaka siku Moses anapomwongoza Alice, pamoja na mkewe na mwanawe, kwenye giza la kutorokea, na hapo unaelewa kwamba miaka yote ile ya kuzurura alikuwa anapima. Karibu na mwisho tunasoma barua, imeandikwa Washington tarehe 12 Aprili 1861. Siku hiyo ndiyo mizinga ya Fort Sumter ilipoanza vita. Jones ameandika tarehe tu. Mwandishi wa barua, kaka wa mjane wa Henry, ameingia kwenye nyumba ya wageni ya weusi huru na kukuta ukutani kazi mbili kubwa, sehemu kitambaa, sehemu rangi, sehemu udongo wa kufinyanga. Moja ni kaunti nzima ya Manchester, kila njia na kila kibanda. Ya pili ni shamba la Henry linavyoonekana kutoka juu. Watu wote wamo, hakuna aliyesahauliwa, kuku nao wamo. Waliokufa wamesimama kando ya makaburi yao. Nyuso zote zimeinuliwa. Alice ndiye aliyefanya kazi hizo.

Nilimweleza shangazi picha ile ya pili polepole, kadiri nilivyoweza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na yule mla udongo?" akauliza. "Naye yumo?"

Nikamwambia Moses hakufika Washington. Alitoroka peke yake, akakamatwa, Oden akamkata mshipa wa kisigino, akarudi shambani kilema. Amejifungia kibandani, hatoki. Na kila mlo unapoandaliwa kwa Elias, mkewe Celeste, yule yule aliyeharibiwa mimba, huinua uso na kuuliza kama Moses amekwisha kula.

Shangazi akaokota ukili wake, akatafuta pale alipoachia.

"Wakampelekea?"

Nikamwambia kitabu hakionyeshi sahani ikivuka uwanja. Kinaonyesha mwanamke akiuliza, siku baada ya siku.

"Basi walimpelekea," akasema, na akaendelea kusuka.